Shangazi alisema nina gundu, na sasa naogopa hata kutia mkasi kwenye kitambaa

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, fundi cherehani, naishi Morogoro na wanangu wawili. Baba yao yuko migodini, huja mara moja kwa mwaka na hutuma anachopata. Shida yangu haiko kwenye ndoa. Shida ni kwamba kila ninachokishika kinanifia mkononi, na nimefika mahali sijui kama ni mimi au kuna kitu kimeniandama.

Siku niliyozaliwa ndiyo siku marehemu baba alipopunguzwa kazi kiwandani. Shangazi yangu hakuwahi kuisahau siku hiyo. Nikivunja sahani, "si ndiye huyu." Nilipofeli kidato cha nne, "niliwaambia." Mwaka 2019 nilifungua mgahawa mdogo karibu na kituo cha daladala, asubuhi chapati na supu, mchana wali maharage. Sufuria zilikuwa zinaisha kabla ya saa nane. Mwaka uliofuata kituo kikahamishwa, wateja wakaenda nacho, nikafunga. Kwenye kikao cha familia shangazi akasimama mbele ya watu akasema mkono wangu hauna baraka, nina gundu, na atakayenipa mtaji ajue anamwaga maji mchangani. Hakuna aliyembishia. Hata mama alinyamaza.

Nikaingia kwenye mitumba. Nilinunua belo la magauni, nikalifungua, nusu yake yamechanika na kupauka. Yaliyobaki niliwakopesha wenzangu sokoni, wengine hawajalipa mpaka leo. Nikasema kumbe ni kweli.

Kushona nilifundishwa na jirani, na watu husifia mshono wangu. Nina mashine mbili, ya kawaida na ovaloki, na fremu nimepanga. Mwezi wa nne dada mmoja akaniletea vitenge, sare ya harusi, magauni 12 kwa wiki mbili. Nilifurahi, lakini usiku nikaanza kusikia maneno ya shangazi. Kitambaa kilikaa kabatini siku 9. Kila nikishika mkasi nawaza nitakosea, na kitenge kile hakipatikani tena. Nikaanza zikiwa zimebaki siku 5. Nilikesha, nikapeleka asubuhi ya harusi, na magauni matatu niliyafunga kwa pini kwa sababu zipu sikuwahi. Yule dada hakunitukana. Aliniangalia tu, akachukua mzigo wake. Hajanipigia tena.

Sasa kuna shule ya msingi hapa jirani. Mwalimu mkuu amemtuma mtu aniambie nipeleke profoma ya sare za Januari. Wiki tatu zimepita, sijapeleka, maana najua jibu. VICOBA nimeacha kwenda, nikiwaona wanacheka nahisi wananisema. Usiku naamka saa nane nahesabu vitu vilivyoharibika mpaka kunakucha.

Nimeelekezwa kwa mganga. Anasema nyota yangu imefunikwa, anataka sh. 350,000 kuisafisha. Hela ninayo, ni akiba ya kununulia vitambaa. Lakini kilichonisukuma kukuandikia ni binti yangu wa miaka 9. Alichaguliwa kukimbia mashindano ya shule, akakataa. Nilipomuuliza akasema, "Mama, si sisi hatuna bahati?"

Watu wananiambia fikiri vizuri, penye nia pana njia. Nimejaribu. Je, nimpe mganga hiyo hela? Na kweli mtu anaweza kuzaliwa na gundu?

Fundi mwenye gundu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Hela usimpe. Nimeanza na hilo kwa sababu mganga hatangoja umalize kunisoma. Hizo 350,000 ni vitambaa, na vitambaa ndiyo kazi yako. Na lile jina uliloweka mwishoni mwa barua sitalirudia. Nitakuita fundi.

Barua yako niliisoma nikiwa na kalamu mbili. Kwa ya bluu nilipigia mstari mambo yaliyotokea, ambayo hata mpita njia angeyaona. Kwa nyekundu nilipigia yale ambayo mtu aliyasema au aliyawaza juu ya mambo hayo. Kituo cha daladala kilihamishwa, bluu. Mkono wako hauna baraka, nyekundu. Belo lilikuwa na nguo mbovu, bluu. Kumbe ni kweli, nyekundu. Mwalimu mkuu ameomba bei, bluu. "Najua jibu", nyekundu tena, maana mwalimu mwenyewe hajalitoa. Nilipofika mwisho nikatafuta penye gundu kwa wino wa bluu. Sikupaona.

Mgahawa ulifungwa kwa sababu walaji wako walikuwa abiria, na abiria walihama. Waulize mama lishe wenzako mliokuwa mmepanga majiko pale, wangapi walibaki. Belo la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa, na sijapata kumwona muuza mitumba wa miaka mingi asiye na habari ya belo lililomliza. Madeni ya sokoni ulikopesha bila kuandika. Hilo la mwisho ni kosa lako, nalo ni kosa linalotibika kwa daftari na kalamu.

Magauni ya harusi ni habari nyingine, na hapo lazima niseme nawe kama mzazi. Hasara ile ilipitia mikononi mwako. Tuifuate polepole, kwa sababu jibu la swali lako limelala humo.

Siku ya kwanza ulikuwa na kitambaa, vipimo, mashine mbili na siku 14. Hakuna kilichopungua. Usiku likaja wazo kwamba utakosea. Wazo likaleta hofu, na hofu unaijua inavyoukamata mwili, tumbo linakaza, mkono unakosa nguvu. Ukarudisha kitenge kabatini, na hapo hapo ukajisikia nafuu. Mwanangu, nafuu hiyo ndiyo iliyokuponza. Kila ulipoahirisha ulitulia kidogo, na mwili ukajifunza kwamba kutulia kunapatikana kwa kufunga kabati. Kwa hiyo kesho yake mkasi ukawa wa kutisha kuliko jana. Zikapita siku 9. Kazi ya wiki mbili ikabidi iingie kwenye usiku tano, na fundi yeyote, hata yule mwenye jina mjini, akishona magauni 12 bila kulala ataishia kwenye pini. Dada wa watu akakuangalia kwa mshangao wa mtu aliyechelewa harusi yake, nawe ukasoma machoni pake maneno ya shangazi.

Uliogopa kuharibu, hofu ikakuchelewesha, kuchelewa kukaharibu, na uharibifu ukaurudisha nyumbani kama ushahidi. Gundu lote unaloliona ni mzunguko huo.

Wasomi walishaupa jina. Mwaka 1948 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliandika makala kuhusu utabiri unaojitimiza wenyewe, na mfano wake ulikuwa benki. Benki ina afya, hesabu zake ziko sawa. Unazuka uvumi kwamba inafilisika. Wateja wanamiminika kutoa pesa siku moja, na kwa kuwa hakuna benki inayoweka pesa zote za watu sandukuni, inafilisika kweli. Wewe umekaa VICOBA, unaweza kuliona hilo vizuri kuliko mimi: chukulia wanachama wote wanadai hisa zao wiki moja, na hela iko kwa wakopaji. Uvumi uliokuwa uongo asubuhi umekuwa kweli jioni, na aliyeuanzisha anatembea akisema si niliwaambia.

Angalia uvumi ulivyofanya kazi. Haukugusa sanduku la benki. Uligusa miguu ya wateja. Vivyo hivyo maneno ya shangazi hayana uwezo wa kuukata uzi wa cherehani yako wala kukihamisha kituo cha daladala. Yanaingia kwako, yanageuka hofu, na hofu inaamua kama mkono utashika mkasi au utafunga kabati. Baada ya hapo matokeo yanakuja yenyewe.

Shangazi simwiti mtu mbaya. Nadhani mwaka ule kaka yake alipopoteza kazi nyumba ilitikisika, na watu wazima wakiwa na hofu isiyo na pa kuipeleka huitafutia mahali. Kulikuwa na kichanga ndani, wakaiweka pale. Kiwanda kilipunguza wafanyakazi kwa hesabu zake, na jina lako halikuwamo kwenye hesabu hizo, hata jina hukuwa nalo bado.

Kuna daktari mmoja, Aaron Beck, alifanya kazi Philadelphia, Marekani. Miaka ya 1960 alianza kuona kwamba wagonjwa wake wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, walikuwa na mawazo mafupi yanayopita kichwani kwa kasi, mengine wenyewe hawakuyatilia maanani, na mawazo hayo yalirudi kwenye mambo matatu: mimi mwenyewe, watu na dunia inayonizunguka, na kesho yangu. Soma tena barua yako. Kila ninachokishika kinanifia. Wananisema. Najua jibu. Yote matatu yamo. Beck hakuwaambia wagonjwa waimbe sifa zao. Aliwafundisha kuyashika mawazo hayo yanapopita na kuyauliza ushahidi. Naye aliyajua kwa ngozi yake, maana utotoni alivunjika mkono, jeraha likaingia maambukizi, akakosa masomo, akabakizwa darasa, akaamini kwamba hana akili. Alifariki 2021 akiwa na miaka 100, na tiba aliyoianzisha inatumika duniani kote.

Sasa hao wanaokuambia fikiri vizuri. Wana nia njema, na naelewa kwa nini kwako haikusaidia. Ukisimama mbele ya kioo ukasema nina bahati huku kitenge kimefungiwa kabatini, moyo unajua unadanganywa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu huyo humponyi kwa kumhubiria uzuri wa ung'ongo. Anapona siku anapouokota, akauona haumuumi, akauokota tena kesho. Kwa hiyo wewe sikutumi ukafikiri vizuri. Nakutuma ukashike mkasi ukiwa na hofu yako hiyo hiyo, kisha uangalie kinachotokea.

Nikwambie na jambo la mganga, maana najua utakutana na mtu aliyekwenda akafanikiwa. Inawezekana kabisa. Ametoka pale akiamini nyota inang'aa, amerudi dukani na kifua mbele, amefungua mapema, amewaita wateja kwa sauti, ameomba oda aliyokuwa anaiogopa. Biashara imesogea kwa miguu yake mwenyewe, sifa zimekwenda kwa mganga. Na siku itakapoyumba ataambiwa nyota imefunikwa tena, alete nyingine. Wewe ukiwa mtu wa dini, omba dua au sala kwa nguvu zako zote, sikukatazi hata kidogo. Ukimaliza kuomba, kata kitambaa.

Tuje kwenye kazi. Chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Upande wa kushoto, kabla ya kufanya jambo unaloliogopa, andika unachodhani kitatokea na una uhakika kiasi gani, kutoka 1 hadi 10. Upande wa kulia, baada ya kulifanya, andika kilichotokea kwa wino wa bluu tu. Usiruke upande wa kushoto hata siku moja. Usipouandika, akili itadai baadaye kwamba ilijua.

Anza na dogo. Leo usikate kitenge cha mtu, kata gauni kwenye gazeti. Kesho kata kwenye kitambaa cha bei nafuu, ushone uvae mwenyewe. Kesho kutwa nenda VICOBA, ukae mpaka kikao kiishe. Kabla hujatoka nyumbani andika kushoto kwamba watanisema, halafu huko kawaulize watu wawili habari za biashara zao. Nina hakika utasikia hasara ambazo hukuzijua.

Halafu profoma. Hii uifanye wiki hii, maana hapa wino wa bluu hauko upande wako, wiki tatu ni nyingi. Karatasi moja inatosha: shati, sketi, kaptula, sweta, kila kimoja na bei yake. Ndani ya bei weka kitambaa, uzi, vifungo, umeme, na ujira wako wewe. Usishushe bei kwa sababu ya kuogopa kukataliwa. Fundi anayejipunguzia kabla hajaombwa hushindwa kununua kitambaa kizuri, sare zinapauka mwezi wa tatu, na shule hairudi. Huo ni mzunguko ule ule kwa njia nyingine. Andika kwamba unaomba kianzio cha nusu na kwamba utamaliza kwa siku ngapi, na hizo siku uzihesabu ukiwa unalala.

Mwalimu mkuu anaweza kukataa, na sitakuficha hilo. Imani yako haimwamuru mtu mwingine, na huenda kuna fundi ameshapeleka bei ya chini au shule imechoka kungoja. Akikataa, muulize kwa adabu ni kwa nini, na uandike alichosema. "Bei iko juu" au "umechelewa" ni maneno unayoweza kuyafanyia kazi mwakani. Gundu huwezi kulifanyia kazi yoyote, ndiyo maana linachosha.

Binti yako. Hapo kalamu iliniwia nzito. Mwaka 1968 huko Marekani Robert Rosenthal na mwalimu mkuu Lenore Jacobson walitoa matokeo ya jaribio lao katika shule moja ya msingi. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani watachanua kiakili mwaka ule. Kumbe majina yaliokotwa tu bila kigezo. Mwisho wa mwaka, hasa darasa la kwanza na la pili, watoto wale walikuwa wamepanda kwenye mtihani kuliko wenzao. Wasomi wamelibishania sana jaribio hilo, na waliolirudia walikuta athari ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzo. Nami sitaki uamini kwamba neno moja la mkubwa linaumba mtoto. Ila matarajio ya mkubwa hupita kwenye vitu vidogo vya kila siku, nani anaulizwa swali na akangojwa alijibu, nani anaambiwa acha tu. Wewe uliambiwa acha tu kwa miaka mingi. Binti yako hakuambiwa na mtu, amekuangalia ukifunga kabati.

Usimkalishe kumhutubia. Siku ya kupeleka profoma mwambie ukweli, "Mama anaogopa, lakini anakwenda." Ukirudi, mwonyeshe ulichoandika kulia, liwe zuri au baya. Kisha mwambie akaongee na mwalimu wa michezo kama nafasi bado ipo. Akikimbia akawa wa mwisho, mpe maji na umuulize mbio zilikuwaje.

Kuhusu shangazi, usimfuate kumgombeza. Akirudia yale maneno mbele ya mtoto, mwambie kwa heshima: "Shangazi, shikamoo nakupa na ushauri naupokea, lakini neno hilo nyumbani kwangu halisemwi tena." Ukiweza, zungumza na mama yako mkiwa wawili. Ukimya wake siku ile ulikuuma kuliko maneno ya shangazi, hata kama hukuliandika wazi.

Na usingizi. Kiswahili chetu kina akili hapa, tukisema fulani "ana mawazo" kila mtu anaelewa kwamba mtu huyo anaumwa. Watu wa kabila la Washona huko Zimbabwe nao wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kule Harare daktari Dixon Chibanda aliwafunza bibi wa mitaani wakawa wanaketi na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Bibi anasikiliza kwanza, kisha wanachagua tatizo moja kati ya yote, wanatafuta hatua moja, mtu anakwenda kuijaribu na kurudi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nawe tafuta mtu wa benchi lako, huyo jirani aliyekufundisha kushona angefaa.

Lakini kama kukosa usingizi na kukata tamaa kunaendelea siku nyingi kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali ukamweleze daktari kama ungemweleza homa. Kumwona mtaalamu wa afya ya akili hakumaanishi kupelekwa Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, na hata wanaotibiwa Mirembe ni wagonjwa kama wagonjwa wengine. Likikujia wazo la kutaka kufa, usingoje wiki mbili, nenda siku hiyo hiyo, na usiende peke yako.

Limebaki moja. Yale magauni matatu pengine bado yana pini. Mpigie yule dada. Mwambie samahani, ulichelewa kuanza, na unaomba uyachukue uyatie zipu bila malipo. Najua umeshasikia kichwani atakachokujibu. Kiandike upande wa kushoto, weka na namba yake kati ya 1 na 10, ndipo ubonyeze kupiga.